Shajara ya Mradi: Kulirudisha Massey Ferguson 135 Shambani

Ninachotaka

Trekta ni Massey Ferguson 135, injini ya Perkins ya dizeli, silinda tatu. Baba Mdogo ndiye aliyelitumia miaka yote, nami nimekulia nyuma ya plau yake, nikitembea pekupeku ndani ya mfuo uliotoka kupinduliwa, udongo ukiwa bado wa baridi. Klachi ilipoanza kuteleza, na yeye macho yakaanza kumsumbua, likaingizwa bandani na kuachwa humo. Nyigu wamejenga ndani ya eksozi. Panya wametafuna nyaya za taa.

Lengo ni moja: lilime tena. Nawaheshimu sana watu wanaoyatengeneza matrekta ya zamani mpaka yakawa kama yametoka kiwandani jana, lakini mimi sitafuti hilo. Trekta la kulimia lisilolima naliona limefungwa mdomo. Kwa hiyo kila kazi nitakayoiandika humu itapimwa kwa swali hilohilo: inasaidia plau iingie ardhini na mfuo utoke ulionyooka? Kama haisaidii, itasubiri. Rangi itasubiri kuliko vyote.

Kwa wasiolijua: modeli ya 135 ilitoka mwaka 1964 kuchukua nafasi ya modeli ya 35, na hiyo 35 ilikuwa imerithi Ferguson TE20, lile dogo la kijivu lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Ni matrekta ya aina hiyo ya Ferguson ambayo mpanda milima Edmund Hillary aliyafunga minyororo akafika nayo Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958. Kwenye barafu! Hata hivyo, urithi mkubwa wa ukoo huu uko nyuma ya kiti, kwenye mikono ya kuinulia plau. Hapo nitapasimulia kwa kirefu nikifika.

Kulitoa bandani na kuizungusha injini

Tulilivuta nje kwa cheni, gia ikiwa huru, matairi ya mbele yakiwa yamekaa kwenye rimu. Baba Mdogo alisogezewa kiti kivulini ili afuatilie kazi kwa masikio.

Sikugusa stata. Injini iliyosimama muda mrefu hupata kutu pale ringi za pistoni zinapogusana na ukuta wa silinda, na ukiilazimisha kwa stata, au ukilivuta trekta huku umeingiza gia, unaweza kuvunja ringi mara moja. Nilifungua nozeli zote tatu, zile zinazopuliza dizeli silindani, nikamimina oili nyepesi kidogo katika kila tundu, nikaiacha inywe. Nozeli zikiwa nje hakuna mgandamizo wa kupigana nao, kwa hiyo mkono unahisi kila kitu. Niliporudi na spana ndefu kwenye puli ya mbele, mwanzoni ilikataa. Nikairudisha nyuma kidogo, nikaipeleka mbele kidogo, nyuma, mbele, kisha ikaachia na kuzunguka mzunguko mzima bila kukwama popote.

"Imezunguka?" Baba Mdogo akauliza.

"Imezunguka, Baba Mdogo."

"Basi hiyo nzima."

Jambo la vifaa: bolti za trekta hili ni za inchi. Ukilazimisha spana za milimita utakula pembe za nati zote, na kwenye chuma cha umri huu nati iliyoliwa pembe ni nusu siku imepotea. Nimeazima seti kamili ya inchi kwa fundi mmoja mzee, na ameniomba nisimpotezee ile ya nusu inchi.

Mafuta

Tangi lilikuwa na utelezi mweusi chini. Mahali maji yanapokaa chini ya dizeli huota vijidudu, na vijidudu hivyo vikifika kwenye filta huiziba kabisa. Tangi limeshushwa, limeoshwa, limekaushwa juani. Filta mpya, mipira mipya ya filta, mabomba yote yamepulizwa.

Kutoa upepo ulionaswa kwenye njia ya dizeli ni kazi ambayo nilijifunza kwa Baba Mdogo kabla sijajua kuendesha, na nimefurahi kuona mikono haijasahau. Unaanzia tangini kuelekea mbele, huruki hatua. Unafungua skrubu ya juu ya filta, unapampu kwa kile kiwiko kidogo cha fidi pampu (ile inayovuta dizeli kutoka tangini) mpaka mapovu yaishe na itoke dizeli tupu, unafunga. Kisha skrubu mbili za nozeli pampu (ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli), ya chini kwanza, halafu ya juu. Mwisho unalegeza nati za mabomba kwenye nozeli zenyewe na kuzungusha injini kwa stata mpaka zitoe mate.

Kuna jambo ambalo huwachanganya wengi: wakati mwingine kiwiko cha fidi pampu kinakuwa laini, hakipampu kitu, na mtu anaamua kwamba pampu imekufa. Mara nyingi haijafa. Kemu ya injini imesimama pale ilipoibinya pampu mpaka mwisho, kwa hiyo kiwiko hakina nafasi ya kufanya kazi. Zungusha injini mzunguko mmoja, jaribu tena. Pampu ngapi nzima zimetupwa kwa kukosa kujua hilo.

Tapeti

Fupi. Kofia ya valvu imefunguliwa, hakuna uchafu wa kutisha. Nafasi ya tapeti, yaani mwanya unaoachwa kwenye valvu, injini ikiwa baridi ni milimita 0.30. Mbili zilikuwa zimebana, nne zilikuwa sawa au karibu na sawa. Gasketi ya kofia mpya.

Kuwasha

Betri mpya, nyaya za betri mpya nene. Ufunguo wa 135 una hatua ya kupasha joto: kwenye njia ya hewa ya kuingilia kuna kifaa kidogo kinachochoma dizeli kidogo ili hewa iingie silindani ikiwa ya moto. Ukishikilia kama sekunde 15 hadi 20 ndipo upige stata. Wenye haraka huruka hatua hii halafu huimaliza betri.

Nafikiria watu wa Lanz Bulldog, yale matrekta ya Ujerumani yaliyoanza 1921, yenye silinda moja kubwa. Wao iliwabidi wachochee kichwa cha silinda kwa moto wa taa ya kuchomelea mpaka kiwe chekundu, kisha wachomoe usukani na kuutumia kuzungushia injini. Ukilinganisha na hayo, kushika ufunguo sekunde 15 ni raha.

Liliguruma kwa silinda moja, likasita, likaongeza ya pili, moshi mweupe ukajaa uwanja mzima, halafu ya tatu ikaingia na mlio ukajipanga. Mlio wa silinda tatu nautambua popote nilipo. Una kama mdundo unaokanyaga na kuinuka, hauko mfululizo kama wa silinda nne. Silinda huwaka kwa mpangilio wa 1, 2, 3, na injini ikiwa polepole unaweza kuzihesabu. Tulipokuwa watoto tulijua kwa mlio huo kama Baba Mdogo yuko mwisho wa shamba anageuza, au yuko katikati plau imezama, au amefika kwenye ile kona yenye udongo wa mfinyanzi. Mama yangu alijua kwa mlio huo lini apeleke maji ya kunywa.

Baba Mdogo aliinuka kitini, akaja mpaka kwenye boneti, akaweka kiganja juu yake. Akasema presha ya oili iko wapi. Nikamwambia geji imepanda vizuri. Akasema liache lipate joto, usilikanyage mafuta.

Klachi

Hii ndiyo kazi iliyokula muda na mgongo.

Trekta hili halina chesisi. Injini, gia na difu vimefungwa kwa bolti, na vyenyewe ndivyo uti wa mgongo. Ili kufika kwenye klachi inabidi ulikate trekta vipande viwili: injini na magurudumu ya mbele kipande kimoja, gia na magurudumu ya nyuma kipande kingine. Kabla ya kulegeza bolti hata moja, piga kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na kishikio chake, pande zote mbili. Ekseli ya mbele huchezea kwenye pini moja ya katikati, na bila kabari ile nusu ya injini italala ubavu mara tu inapoachana na mwenzake. Jeki mbili imara, magogo chini ya kila upande, na hakuna mtu kuingiza mkono katikati wakati nusu zinasogea.

Klachi ni ya hatua mbili. Ukikanyaga nusu, magurudumu yanaachia. Ukikanyaga mpaka mwisho, shafti ya nyuma (ile ya kuzungushia mashine zinazofungwa nyuma ya trekta) na pampu ya haidroliki nazo zinasimama. Mwenye kulima analihitaji sana jambo hili. Ukifika mwisho wa mfuo unataka kusimama na wakati huohuo uinue plau. Ukizamisha klachi yote, plau haiinuki, maana umeisimamisha na pampu yake. Baba Mdogo aliniwekea guu langu kwenye pedali na lake juu yake, akanionyesha pale springi ya pili inapoanza kukataa. "Hapa, mwanangu. Ukihisi hapa, usipite." Nilikuwa mwepesi sana kiasi kwamba nilisimama wima juu ya pedali ili ishuke.

Sahani zote mbili zilikuwa zimeisha mpaka kwenye riveti za shaba, na moja ilikuwa imelowa oili. Kwa hiyo oili sili ya nyuma ya injini nayo imebadilishwa, pamoja na bering ya klachi. Kukutanisha tena nusu mbili kunahitaji subira kuliko nguvu. Mmoja anazungusha injini polepole kwa mkono, mwingine anasukuma, na meno ya shafti yakipata njia zake nusu zinaingiana zenyewe. Kamwe usizivute kwa bolti. Zikikataa kuingia, kuna kitu hakijakaa.

Haidroliki

Nimekaa na sehemu hii kuliko ilivyonilazimu, kwa sababu naipenda.

Oili ya gia, ya difu na ya kuinulia plau katika trekta hili ni ileile, na pampu imezama ndani yake. Tuliyoimwaga ilikuwa nyeupenyeupe, imechanganyika na maji yaliyopenya kwenye mpira uliopasuka wa mkono wa gia. Tuliosha kwa dizeli, tukaimwaga, tukaweka oili mpya. Mpira mpya wa mkono wa gia ni kitu kidogo sana, lakini bila huo tungekuwa tunajaza maji upya kila mvua.

Lifti ilinyanyua plau, ila ilikuwa inatikisika: inashuka kidole, inajirudisha, inashuka tena. Maana yake presha inavuja mahali na pampu inafukuzana na mvujo. Kifuniko cha lifti kimetolewa, ni chuma kizito cha kuinua watu wawili au kwa winchi. Tumebadilisha ringi za mpira kwenye pistoni ya lifti na kwenye bomba la wima linalopandisha oili. Kutikisika kumeisha.

Sasa ile hadithi niliyoiahidi. Kabla ya Ferguson, plau ilikuwa inakokotwa nyuma ya trekta kwa ndoano, kama mkokoteni. Fordson Model F, lililoanza 1917 na kuuzwa kwa wingi ajabu, lilifanya kazi hivyo, na lilikuwa na sifa mbaya: plau ikijikita kwenye kisiki au mwamba, magurudumu ya nyuma yanaendelea kukaza, trekta linajikunja kuzunguka ekseli yake, pua inapaa, linamwangukia dereva kinyumenyume. Watu walikufa. Harry Ferguson, mtu wa kaunti ya Down, Ayalandi, aliifunga plau kwa pointi tatu: mikono miwili ya chini inayovuta, na toplinki juu inayosukuma. Plau inapokata udongo inataka kujipindua kwenda mbele kwa juu, na toplinki inausukuma mwili wa trekta mbele na chini. Kile kilichokuwa kinainua pua sasa kinaikandamiza, na uzito wa plau pamoja na wa udongo unahamia kwenye magurudumu ya nyuma pale ambapo mshiko unahitajika. Ndiyo maana trekta jepesi kama TE20 liliweza kuvuta plau iliyokuwa ikidai trekta zito. Mwaka 1938 Ferguson alimwonyesha Henry Ford mfumo huo, wakakubaliana kwa kupeana mikono tu, na mwaka uliofuata Ford 9N likatoka. Mkataba wa mikono ulikuja kuishia mahakamani, lakini hayo ni ya wanasheria.

Uzuri wenyewe uko kwenye springi nene iliyo nyuma, pale toplinki inapofungwa. Udongo ukiwa mgumu, plau inasukuma zaidi, springi inabonyea, valvu inafunguka, na lifti inaipandisha plau kidogo bila dereva kugusa kitu. Udongo ukilainika, springi inarudi, plau inashuka. Plau ikigonga mwamba, springi inabonyea mpaka mwisho, presha inaachiliwa, uzito unaondoka kwenye magurudumu ya nyuma nayo yanazunguka bure badala ya kukupindua. Hakuna umeme hapo. Ni springi, fimbo na valvu.

Kwa hiyo springi hiyo lazima ikae sawasawa. Unaishika ile nira yake kwa mkono: unapaswa kuweza kuizungusha kwa vidole, lakini ukiivuta na kuisukuma isiwe na mchezo wowote wa mbele na nyuma. Yetu ilikuwa na mchezo unaoonekana kwa macho. Mchezo huo mdogo maana yake ni plau inayoruka na kuzama kama mashua kwenye mawimbi. Imekazwa, na pini ya nira imebadilishwa.

Nguzo ya kumkinga dereva

Hapa najua wapenzi wa matrekta ya zamani watanuna. Nimefunga nguzo ya chuma ya kukinga dereva endapo trekta litapinduka, na mkanda wa kiti. Lilitoka kiwandani bila hiyo, na ndiyo, inaharibu umbo. Sweden ilianza kulazimisha nguzo hizo kwenye matrekta mapya mwaka 1959, kwa sababu vifo vya kupinduka vilikuwa vinajulikana na vilikuwa vinazuilika. Mkanda nao si wa hiari ukiwa na nguzo: bila mkanda unarushwa nje na nguzo yenyewe ndiyo inayokuangukia.

Shafti ya nyuma imevishwa kikinga chake. Inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde, na ikinasa upindo wa nguo hakuna muda wa kupiga kelele. Na hakuna mtoto tena kwenye madigadi. Sisi tulikaa pale, tukishikilia taa, na nakumbuka kwa upendo mkubwa, lakini sitamruhusu wangu.

Plau

Ni plau ya kupindua, mifuo miwili, kila mmoja wa inchi 12. Si ya diski. Ina shea mbili za chini zinazokata, mabao mawili ya chuma yaliyopinda yanayopindua, na diski ndogo mbele ya kila shea inayopasua majani.

Shea zilikuwa zimeisha ncha. Ncha ikiisha, plau haizami hata uikalie, maana ile ncha iliyoinama kidogo ndiyo inayoinyonya chini. Shea mpya zimefungwa kwa bolti zake zenye kichwa bapa, ili kichwa kisitokeze kwenye njia ya udongo.

Mabao yalikuwa mekundu kwa kutu. Na hapa ndipo nilipogombana kidogo na kijana anayenisaidia, aliyeleta kopo la rangi. Bao la plau halipakwi rangi upande wa udongo. Udongo unatakiwa uteleze juu yake. Ukikuta kutu au rangi, unaganda, na udongo uliogandia unashika mwingine, mpaka bao linakuwa bonge linalosukuma badala ya kupindua. Tulisugua kwa mashine na sandpepa, kali kwanza kisha laini, mpaka chuma kikaonekana. Mng'aro wa mwisho unaletwa na mchanga wa shambani wenyewe. Nakumbuka katika msimu wa kulima mabao ya Baba Mdogo yalikuwa ya kujitazamia uso, na jioni, hata awe amechoka vipi, hakuyaacha bila grisi. Umande wa usiku mmoja unatosha kuyatia kutu.

Mfuo wa kwanza

Nilichukua udongo wa kina cha plau, nikaufinya kiganjani. Ukiwa mbichi mno unatoa utepe unaong'aa na hauvunjiki; plau ikipita hapo inaupiga lipu, na mabonge yake yakikauka ni matofali. Ukiwa mkavu mno hausimami kabisa. Huu ulishikana, nikaubonyeza kwa dole gumba ukavunjika vipande. Twende.

Nilisimamisha vijiti vitatu kwenye mstari mmoja kukatiza shamba. Mfuo wa kwanza wa kufungulia unakatwa kina kifupi, kwa sababu gurudumu la kulia halina bado mfuo wa kutembelea. Ukishaupata, gurudumu la kulia linashuka ndani yake, trekta linainama upande huo, na plau nayo inainama. Unaisawazisha kwa ule mkono wa kuzungusha ulio kwenye fimbo ya lifti ya kulia, mpaka ukiitazama kutoka nyuma mihimili yake imesimama wima juu ya ardhi, hata kama trekta limelala. Mfuo wa mbele ukitoka mrefu kwenda chini kuliko wa nyuma, refusha toplinki. Nilishuka na kupanda, nikapima, nikazungusha nusu mzunguko, nikapanda tena. Kwa upana wa inchi 12, kina cha kama inchi 8 ndicho kinachopindua vizuri. Ukienda chini kupita hapo kipande cha udongo kinasimama kwa ukingo wake na kukataa kulala.

Gia ya tatu ya chini. Mwendo wa kama kilomita 5 kwa saa. Hekta moja kwa plau hii ni zaidi ya kilomita 16 za kwenda na kurudi, bila kuhesabu kugeuza, kwa hiyo anayelima anapata muda mwingi wa kuwaza, na zamani nilidhani Baba Mdogo huwa anawaza. Sasa najua alikuwa anasikiliza. Injini ikishuka sauti, unajua udongo umebadilika kabla macho hayajaona. Kiti kinakwambia gurudumu linateleza. Mkono wa haidroliki unautikisa kwa kidole kimoja, na plau inapanda unene wa ukucha, na injini inapumua.

Macho yalikuwa kwenye kijiti cha mwisho. Hilo nililipigiwa kelele miaka ile: "Tazama unakokwenda, mwanangu! Gurudumu linajua njia yake!" Ukitazama gurudumu, au ukigeuka kila mara kuiangalia plau, mfuo unapinda, na kila mfuo utakaofuata unarithi ule upindo mpaka mwisho wa shamba.

Mabao yaliganda udongo mwanzoni. Kila nilipofika mwisho nilishuka na kukwangua kwa kijiti. Kisha, kwenye ule upande wenye mchanga, kikaanza kuonekana kiduara kinachong'aa kwenye bao la mbele, kikapanuka kila nilipopita, na udongo ukaanza kuteleza na kugeuka kwa ule mkunjo ninaoujua, upande wa majani ukienda chini na upande mweusi ukija juu, mfululizo, bila kuvunjika. Yangeyange walifika. Sijui hutokea wapi, lakini shamba likianza kulimwa hufika.

Baba Mdogo alitaka kuuona mfuo. Haoni vizuri, kwa hiyo aliingia ndani yake na kuutembea, fimbo ikigusa ukuta wa kushoto njia nzima. Alirudi akasema ukuta umesimama vizuri, ila sakafu ya mfuo wa nyuma iko chini kuliko ya mbele kwa kama kidole. Nilipima kwa futi. Ni kweli. Toplinki imerefuka mno, nikaifupisha.

Tulipindua sehemu ile tu iliyokuwa imekamatwa na majani magumu. Kwingine hatutalima kwa plau msimu huu. Kupindua kila mwaka kwa kina kilekile kunajenga tabaka gumu chini ya nyayo za plau, na udongo ulioachwa uchi unaondoka na upepo na maji. Baba Mdogo mwenyewe alikuwa anaruka misimu, na hakuna aliyemfundisha zaidi ya shamba lake.

Kilichobaki

Bushi za pini ya ekseli ya mbele zimeisha, usukani unacheza. Hilo lifanyike kabla ya haro (ya kuvunja mabonge baada ya plau), maana haro inavutwa kwa kasi zaidi. Matairi ya nyuma yajazwe maji hadi robo tatu. Kwenye mfinyanzi yaliteleza kuliko ninavyotaka. Dinamo haichaji vizuri. Nyaya za taa zote mpya. Ile spana ya nusu inchi irudi kwa mwenyewe.

Kijana ameuliza tena habari ya rangi. Nimemwambia apake rimu za magurudumu na boneti akitaka, rangi ileile nyekundu, ila mabao asiyaguse.